Pikap ya umeme au ya mazutu (dizeli)? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye magari ya mizigo Lubumbashi

Garaji yangu iko komini (tarafa) ya Kampemba, Lubumbashi, Kongo. Kwa miaka mingi kazi yetu ilikuwa dinamo, stata na nyaya zilizotafunwa na panya. Siku hizi kila anayeniletea Hilux inayokohoa kwa enjekta mbovu huniuliza habari za pikap za umeme: mara ya kwanza anauliza akicheka, mara ya pili anauliza kwa sauti ya chini, dereva wake akiwa mbali. Nimeyakusanya maswali hayo hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Siuzi magari, kwa hiyo sina haja ya kumvuta mtu.

Kwa kifupi, patro: ninunue au nisinunue?

Mimi hujibu kwa swali: gari lako linalala wapi? Ukiniambia linalala uani kwako, ndani ya geti, penye mita ya umeme ambayo bili yake unailipa wewe, na asubuhi linatoka kugawa unga, saruji au vinywaji kwenye komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi kisha jioni linarudi, basi vuta kiti tuongee. Kwa kazi hiyo pikap ya umeme inaweza kukufaa kuliko ya mazutu. Ukiniambia leo linalala Likasi, kesho kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kesho kutwa porini barabara ya Kasenga, bakia na mazutu yako wala usimruhusu mtu akuone wa zamani. Nguvu, bei, betri, hayo yote yanakuja nyuma ya swali la malazi.

Inakwenda kilomita ngapi kweli, si za kwenye tangazo?

Za kwenye tangazo hupimwa kwenye maabara, gari likiwa halina saruji mgongoni. Isuzu D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9 (kipimo kile kile cha mita yako ya umeme) na huandikiwa kilomita 263. Hilux ya umeme ambayo Toyota iliionyesha mwishoni mwa 2025 ina betri ya kilowati-saa 59.2 na huandikiwa karibu kilomita 240. Zile kubwa za Marekani zinakwenda mbali zaidi: Ford F-150 Lightning yenye betri ya kilowati-saa 131 iliandikiwa kama kilomita 515, lakini ni gari pana, zito na la bei ya nyumba.

Kwa barabara zetu mimi hupiga hesabu ya kilowati-saa 28 kwa kila kilomita 100, gari likiwa na mzigo wa kiasi. Betri ya 67 itakupa kilomita 240 hivi mpaka izimike kabisa. Hakuna anayeendesha mpaka izimike, kwa hiyo toa moja ya tano ya akiba, unabaki na 190. Sasa pima safari zako. Kipushi kwenda na kurudi ni kama kilomita 60: mchezo. Kasumbalesa kwenda na kurudi ni kama 180: unafika nyumbani ukiwa unatazama kipimo cha betri kuliko barabara. Likasi ni kama 120 kwenda tu, hivyo kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji huko haiwezekani. Kolwezi, kilomita 300 hivi, usinitajie.

Ukivuta remorki (trela), kata umbali huo karibu nusu. Hilo halina mjadala, hata Marekani wanalilalamikia.

Naokoa kiasi gani kwa mwezi?

Sitakupa bei, kwa sababu bei ya mazutu pampu hupangwa na serikali na hubadilika, na bei ya bidoni ya kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, hupangwa na uhaba wa siku hiyo. Nitakupa hesabu, bei uiweke mwenyewe.

Chukua pikap inayozunguka mjini kilomita 80 kwa siku. Ya mazutu, kwa kusimama na kuondoka kila kona, inakula lita 9 hivi. Ya umeme inahitaji kilowati-saa 22, na ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, mita yako itahesabu kama 25. Basi zidisha: lita 9 kwa bei unayolipa wewe, si ile iliyoandikwa kwenye tangazo la serikali, na kilowati-saa 25 kwa bei iliyo kwenye bili yako. Waliofanya hesabu hiyo mbele yangu, wote wenye umeme wa mtandao, walinyamaza kidogo kisha wakaomba kalamu wairudie.

Tofauti hiyo haitokani na uchawi. Lita moja ya mazutu ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi, kwa hiyo lita zako 9 zina 90. Gari la umeme limefanya kazi ile ile kwa 25. Nyingine zimekwenda wapi? Weka mkono juu ya boneti ya gari lililotoka kwenye foleni ya barabara ya Kasenga mwezi wa kumi. Zimekwenda hapo, na kwenye bomba la moshi. Injini ya mazutu ni jiko linalosukuma gari kwa ziada.

Upande wa pili wa daftari kuna bei ya kununua. Pikap mpya ya umeme ni ghali kuliko mwenzake wa mazutu, na kodi ya dwane (forodha) huhesabiwa kwa thamani ya gari, hivyo inapanda nayo. Kama gari lako linatembea kilomita 20 tu kwa siku, hutairudisha hiyo tofauti. Anayefaidika ni yule ambaye gari lake halipumziki.

Nikichaji kwa jenereta je?

Usifanye, isipokuwa siku ya dharura. Jenereta ya kawaida hutoa kama kilowati-saa 3 kwa kila lita ya mazutu. Zile 25 unazohitaji zitakula lita 8 na zaidi. Hilux ingekula 9. Umenunua gari la bei kubwa, umenunua na jenereta, halafu umeokoa chupa moja ya mazutu.

Delestaji (mgao wa umeme) ikinikuta?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu anadhani ataniua nalo. Ni swali zuri, lakini watu huliuliza vibaya. Simu yako huchaji saa umeme upo, hungoji iishe ndipo uanze kutafuta. Gari ni hivyo hivyo. Mwenye kuchaji kila usiku, hata kwa muda wa saa nne tu, hafiki mahali pa kulia. Anayeumia ni yule anayeiacha ishuke mpaka asilimia 5 kwa mazoea ya tangi, halafu usiku huo ndio umeme unakwenda.

Hesabu ya soketi ni hii. Soketi ya kawaida, ampea 10 kwa volti 220, hutoa kilowati 2.2, zile 25 zako zitachukua zaidi ya saa 11. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7 na kumaliza kwa saa tatu na nusu. Mahali ambapo umeme huja kwa zamu, hiyo chaja ya kilowati 7 ndiyo ya kununua hata kabla ya gari, kwa sababu inachota kingi katika muda mfupi. Sharti mita na nyaya zako ziweze kuubeba mzigo huo.

Nayo delestaji si sawa kila mtaa. Umeme wetu hutoka kwenye maji: Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, na ule unaosafiri kutoka bwawa la Inga kwa laini ya kilomita 1,700 hivi mpaka Kolwezi. Migodi inaula mwingi, nayo huagiza mwingine kutoka Zambia. Mwaka 2024 Zambia ilipokaukiwa na maji ya mabwawa yake, kila mtu kwenye njia hiyo alisikia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza habari za gari, andika kwa wiki tatu saa umeme unapokuja na saa unapokwenda kwako. Si kwa shemeji yako mtaa wa Golf, kwako.

Sola?

Inawezekana, jua tunalo. Kilowati moja ya paneli hapa hukupa kama kilowati-saa 4 hadi 5 kwa siku nzuri, pungufu wakati wa mvua. Kwa zile 25 unahitaji paneli kama 10 za wati 550. Lakini angalia mtego: jua likiwaka, gari liko Ruashi linashusha saruji. Likirudi, jua limezama. Utahitaji betri nyingine ya nyumbani ya kuhifadhi, na hapo gharama inaruka. Sola inamfaa sana mwenye shamba au karakana ambaye gari lake linakaa uani saa za mchana, au mwenye magari mawili yanayopokezana.

Nimeleta gari, nimeunganisha chaja, inawaka nyekundu na haichaji. Gari bovu?

Nyumba ndiyo mbovu. Nisimulie kidogo, kwa sababu imekwisha kutokea mara nyingi.

Mteja mmoja aliniita jioni, pikap mpya imeegeshwa chini ya mwembe, watoto wameizunguka, na chaja inapepesa taa nyekundu kama gari la polisi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikwishaanza kuhesabu hasara. Nilipima kwenye soketi kati ya waya wa moto na tundu la ardhi: sifuri. Nikafungua soketi. Ilikuwa nzuri, ya bei, yenye sehemu ya waya wa tatu, lakini nyuma yake hapakuwa na waya wowote. Fundi aliyejenga aliweka soketi, waya wa tatu ukabaki mfukoni mwake. Friji na televisheni hazilalamiki juu ya hilo. Zinafanya kazi miaka yote, na siku moja zinampiga mtu shoti. Chaja ya gari hailikubali. Kabla ya kutuma umeme inakagua kama kuna njia ya ardhi, na isipoiona inagoma.

Tulichimba upande ule maji ya kuoshea vyombo yanakomwagwa, kwa sababu ardhi hapo haikauki upesi hata mwezi wa nane. Tukapigilia fimbo ya shaba ya mita mbili, tukamwagilia, tukavuta waya wa milimita 6 za mraba mpaka kwenye soketi. Taa ikawa kijani. Mwenye gari akasema, "Mji mzima umekaa juu ya shaba, na mimi nimekosa kipande kimoja."

Haikuishia hapo. Saa moja jioni, mtaa mzima ulipowasha resho (majiko ya umeme) za kupikia bukari (ugali), volti zilishuka mpaka 178. Chaja ikapunguza mwendo, kisha ikajizima. Tulichofanya ni kuipanga ianze saa tano usiku, watu wakiwa wamelala. Kuanzia hapo hajanipigia tena usiku. Hunipigia mchana kunitambia.

Kwa hiyo: kabla ya gari, mlete fundi apime waya wa ardhi, unene wa nyaya kutoka kwenye mita, na volti za saa moja jioni. Kazi ya siku moja.

Ina nguvu kama ya mazutu?

Kwa kuondoka, inaizidi. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu mguu unapogusa pedali. Haingoji turbo iamke. Ukiwa na tani moja mgongoni kwenye kilima, utaona tofauti ndani ya mita tano za mwanzo. Na kwenye matope, kompyuta inagawa nguvu kwenye magurudumu kwa upole ambao dereva mwenye klachi hawezi kuufikia.

Lakini betri ni nzito, na gari zito likizama limezama. Pia soma karatasi ya mzigo kabla ya kulipa. D-Max ya umeme inabeba kama tani moja na kuvuta tani 3.5, sawa na ndugu yake wa mazutu. Hilux ya umeme inabeba kilo 715 na kuvuta 1,600 tu. Zote mbili ni pikap, zote mbili ni za umeme, na kwa mfanyabiashara wa saruji hazifanani hata kidogo: ya pili inakupa mifuko 14 ya kilo 50 kisha basi. Najua hapa watu hupakia mara mbili ya karatasi. Kwenye gari hili usijaribu, kwa sababu uzito wa ziada unakula kilomita zako mbele ya macho yako.

Mvua na mafuriko?

Betri imefungwa isiingie maji. Isuzu wanaruhusu kuvuka maji ya sentimita 60 kwenda chini. Injini ya mazutu ikivuta maji kwa bomba la hewa inakufa papo hapo. Mota ya umeme haivuti hewa. Kinachoniogopesha zaidi ni mawe: betri iko chini ya tumbo la gari, kwa hiyo uliza kama kuna bamba la chuma la kuikinga.

Matengenezo yake ni nafuu kweli, au ni maneno ya wauzaji?

Ni kweli, na inaniuma mfukoni. Acha nikuorodheshee vinavyoniletea wateja kila wiki: enjekta zilizoharibiwa na mazutu yaliyochanganywa na kitu kingine, pampu ya mazutu, turbo, filta za mazutu, oili na hewa, mkanda wa injini, klachi, stata, radieta iliyoziba, bomba la moshi lililotoboka. Pikap ya umeme haina hata kimoja katika hivyo, isipokuwa radieta ndogo ya kupoza betri. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaua injini kupitia filta ya hewa. Hapa halina pa kuingilia.

Breki nazo hudumu. Ukiachia pedali, mota inageuka dinamo, gari linapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Kwa gari la mjini linalosimama kila mita mia, brekipedi zinaweza kukaa miaka.

Vinavyobaki ni tairi, ambazo huisha upesi zaidi kwa sababu ya uzito, na mabushi, na shokomzoba, na ile betri ndogo ya volti 12 ambayo ikifa gari zima linanyamaza ingawa betri kubwa imejaa. Hii ya mwisho imewaaibisha watu wengi.

Na kuna ubaya wa kweli: likiharibika kwenye kompyuta au kwenye betri kubwa, mafundi wanaoweza kulifungua hapa tunahesabika kwa vidole. Nyaya za rangi ya chungwa zina volti 300 mpaka 400 na zaidi. Fundi wa kona anayejaribu kwa bisibisi hatarudi nyumbani. Ukinunua gari ambalo muuzaji wake hana mtu wa kuja kulitazama, umenunua sanamu.

Betri itakufa lini?

Haifi siku moja kama ya simu ya zamani. Inapungua kidogo kidogo. Watengenezaji wengi huahidi miaka 8 au kilomita 160,000 ikiwa bado na angalau asilimia 70 ya uwezo wake. Adui zake ni joto na mazoea: kuijaza mpaka 100 na kuiacha juani, kuishusha mpaka sifuri, kuichaji kwa kasi kubwa kila siku. Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ukitoa joto la mwezi wa tisa na wa kumi, hali ya hewa yetu ni ya upole kwake. Hata baridi ya Juni asubuhi ni ya kuvaa koti, si ya kuiumiza betri.

Kwa matumizi ya kila siku kaa kati ya 20 na 80. Kuna aina moja ya betri, ya chuma na fosfati, ambayo huvumilia kujazwa. Kitabu cha gari kitakuambia.

Si ndiyo hiyo betri yenye kobalti yetu?

Huenda, huenda siyo. Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, karibu yote hapa kwenye mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Lakini hizo betri za chuma na fosfati nilizozitaja, ambazo Wachina wengi hutumia, hazina kobalti hata punje. Wazee wanaoniambia "tununue gari lenye madini yetu" mara nyingine wanatazama gari lisilo nayo.

Shaba, ndiyo. Gari la umeme hubeba kilo 80 hivi za shaba, na la kawaida kama 20 na kidogo. Mwaka 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi makubaliano ya kushirikiana kutengeneza mnyororo wa betri huku huku. Mpaka leo tunauza jiwe na kununua gari. Hilo si kosa la gari, ila kila nikifungua kifuniko na kuona zile nyaya nene nakumbuka malori yanayopanga foleni kwenda Kasumbalesa.

Ni kweli gari linaweza kuwasha nyumba?

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipobadilika. Pikap nyingi za umeme zina soketi mgongoni. F-150 Lightning ilikuwa na za mpaka kilowati 9.6. Hata kilowati 3 zinatosha taa, friji, televisheni na simu za ukoo mzima. Friji ya kawaida inakula kilowati-saa moja na kidogo kwa siku. Betri ya 60 iliyobaki nusu inaweza kuilinda nyama yako kwa siku nyingi, bila kelele na bila jirani kugonga ukuta kwa moshi wa jenereta.

Na kazini pia. Nimeona mashine ya kuchomelea ikifanya kazi nyuma ya pikap kwenye kiwanja kisicho na nguzo hata moja. Kwa mjenzi, huyo ni msaidizi asiyelipwa. Mama mmoja mwenye duka la samaki wabichi aliniuliza kama anaweza kununua gari kwa sababu ya friji peke yake. Nilimwambia hapana, mama, nunua betri ya nyumbani. Lakini kama gari alilihitaji tayari, soketi hiyo ingeamua.

Uliza kwa maneno haya: "Ina soketi ya kutoa umeme? Ya kilowati ngapi?" Si kila moja inayo.

Dereva wangu anaiba mazutu. Itasaidia?

Nimecheka, lakini ni sababu halali kuliko nyingi zilizo kwenye vitabu. Umeme haunyonywi kwa mpira. Hakuna bidoni ya lita 5 inayoshuka nyuma ya kituo, hakuna risiti ya pampu iliyoandikwa mara mbili. Programu ya simu inakuonyesha gari lilikwenda wapi na lilikula kiasi gani. Yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, mwenye magari manne aliniambia hiyo ndiyo faida aliyoihesabu kwanza. Madereva nao watatafuta njia nyingine, tuwape muda.

Moshi unatuhusu nini sisi?

Unamhusu anayefanya kazi mahali palipofungwa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Migodi ya chini ya ardhi, kama Kipushi iliyofunguliwa tena 2024 au Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, hulazimika kusukuma hewa safi nyingi chini kwa ajili ya watu na ya mashine. Gari lisilotoa moshi linapunguza kazi hiyo, ndiyo maana migodi duniani huagiza Land Cruiser na Hilux zilizobadilishwa kuwa za umeme. Ukiwa mkandarasi wa mgodi, ulizia mapema. Siku moja itakuwa sharti kwenye mkataba.

Mjini, uliza aliyekaa nyuma ya lori kwenye foleni ya peaji (kituo cha kulipia barabara).

Nimepata ya bei nafuu kutoka China. Nivute?

Tazama mambo mawili. Tundu la kuchajia la gari lililotengenezwa kwa soko la China ni tofauti na lile la Ulaya, na chaja nyingi zinazouzwa kwa nje ni za Ulaya. Utahitaji adapta au chaja yake yenyewe. Na kioo cha dashibodi: baadhi zinakuja na maandishi ya Kichina ambayo hayabadiliki. Nimemsaidia mtu kuwasha hita badala ya feni kwa miezi miwili.

Likiwa lililotumika, usisome kilomita tu. Dai karatasi ya afya ya betri, kwa asilimia. Muuzaji asiyeitoa, mwage.

Mbona Ford wameacha kutengeneza ya kwao?

Desemba 2025 Ford walitangaza kuacha F-150 Lightning ya umeme mtupu na kuhamia kwenye pikap yenye injini ya kuchaji betri njiani. Gari lenyewe lilikuwa zuri; bei ilikuwa juu, na Mmarekani huvuta boti kwa kilomita 500. Wewe unavuta nini kutoka soko la komini ya Kenya mpaka mtaa wa Bel-Air? Pikap ndogo za kazi, za Asia, ndizo za kutazamwa huku.

Na zile zenye vyote viwili, betri na injini?

Kama BYD Shark: betri ya kilowati-saa 29.6, injini ya esansi (petroli) pembeni. Kwa mtu wa Lubumbashi mwenye safari ya Kolwezi mara mbili kwa mwezi, mimi ningeitazama hiyo kwanza. Mjini unatembea kwa umeme, njiani unatia esansi. Ila kumbuka unarudi na oili, filta na mimi.

Nikija kwako nilete nini?

Daftari la wiki tatu lenye kilomita za kila siku na uzito wa mzigo. Bili yako ya umeme ya mwisho. Picha ya mita na ya ubao wa fyuzi, kifuniko kikiwa wazi. Saa za delestaji ulizoandika. Na kama unaweza, njoo na dereva. Yeye ndiye anayejua gari linalala wapi kweli.